Kuchora sebule yako kwa rangi za mafuta, kwa mwanga wa huku kwetu Uganda

Watu wengi wakishapata rangi za mafuta wanakimbilia kuchora maporomoko ya Murchison au kina mama wamebeba maji kichwani, si ndio zinazonunuliwa na watalii, na chumba wanachoamkia kila siku hawakioni kabisa. Mimi nasema anza na chumba. Sebule ya kwenu, chumba chako cha kupanga (muzigo), jiko la bibi kule Bombo, popote penye dirisha moja na mlango mmoja. Chumba hakitembei, hakidai hela ya kukaa modo, na kinakuonyesha wazi jinsi mwanga unavyoingia upande mmoja alafu unapungua pole pole mpaka kona ya mwisho. Hilo la mwanga kupungua ndio kazi yote, viti na meza vinafuata baadaye.

Hatua ya 1: chagua saa kabla ya kuchagua kona

Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa na watu wa Ulaya, na wote wanakwambia tafuta dirisha linaloangalia kaskazini kwa sababu jua haliingii upande huo. Kwao ni kweli. Huku ikweta inapita Kayabwe pale barabara ya Masaka na Kampala iko kaskazini yake kidogo tu, kwahiyo kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, alafu linahamia kusini miezi iliyobaki. Ukifuata ushauri wa kaskazini mwezi wa sita utashangaa jua limekaa kwenye dirisha lako la "mwanga tulivu".

Kingine, jua letu linapanda wima, halizunguki pembeni kama kwao. Chukua dirisha la mashariki ambalo juu yake ni kama mita 2 kutoka chini. Saa mbili asubuhi mwali unafika mpaka ukuta wa nyuma, karibu mita 6, saa tatu umerudi kwenye mita 3, saa nne uko chini ya mita 2 hapo karibu na dirisha. Yani unachora doa la jua kwenye mkeka, unageuka kuchanganya rangi, ukirudi limeshahama. Ni zuri sana lile doa lakini kwa picha ya kwanza litakutesa.

Kwahiyo kwa anayeanza mimi napendekeza saa tano mpaka saa nane mchana. Wakati huo jua liko juu ya bati, halipenyi sana dirishani, mwanga unaoingia ni ule uliogonga ua wa nje ukarudi, na unakaa hivyo hivyo muda mrefu. Kaa masaa mawili, funga kazi, kesho rudi saa ile ile. Siku mawingu yakiwa mazito acha, fanya kitu kingine. Na zima balbu! Mwanga wa balbu ya njano ukichanganyika na wa dirishani kila kitu kinakuwa na vivuli viwili vya rangi tofauti na hutajua ufuate kipi.

Hatua ya 2: vitu vya kununua, na vya kutonunua

Rangi tano zinatosha: titaniamu waiti (nunua tyubu kubwa, itaisha kwanza), yelo oka (njano ya udongo), banti sienna (kahawia nyekundu), banti amba (kahawia nzito) na altramarini bluu. Kama chumba chako kina kitu chekundu cha kupiga kelele, labda zile tabaga (sinia za kusukwa) za Wanubi zilizotundikwa ukutani, ongeza nyekundu moja kali. Nyeusi acha dukani, altramarini ukichanganya na banti amba unapata giza zuri kuliko nyeusi ya tyubu, na unaweza kulivuta liwe la baridi au la joto unavyotaka.

Brashi za manyoya magumu, bapa, tatu za saizi tofauti, na moja ndogo laini. Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) ya wasanii, chupa ndogo. Tapentaini ya hadiwea inafaa ila fungua madirisha, na usiiweke kwenye chupa ya soda hata siku moja, watoto wanakunywa. Mafuta ya kupikia usichanganye na rangi, hayakauki vizuri, picha inabaki inanata miezi. Thina ya magari pia hapana, ni kali mno kwa mapafu. Paleti, yani ubao wa kuchanganyia rangi, nunua kipande cha kioo kwa fundi wa madirisha, mwambie akusugulie kingo, chini yake weka karatasi ya kijivu. Karatasi ya kijivu ni muhimu kuliko inavyosikika, ukichanganyia juu ya nyeupe kila rangi inaonekana nzito kuliko ilivyo.

Izeli, ile stendi ya kushikia picha, si lazima. Kiti cha mbao na picha imeegemea mgongo wa kiti, imetosha.

Hatua ya 3: tayarisha kitambaa

Kwa kuanza chukua saizi ya sentimita 40 kwa 50. Fremu ya mbao utatengenezewa na seremala yeyote, pale Ndeeba, Kampala, vipande viko vingi, muombe tu mbao iwe imekauka la sivyo itapinda na picha itapinda nayo. Vuta kitambaa cha pamba, merikani nzito inafaa, kaza kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona. Alafu pitisha gundi nyeupe iliyopunguzwa na maji, ikauke, kisha jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara mbili, na katikati piga msasa laini.

Gundi msiiruke. Mafuta ya rangi yakigusa uzi wa pamba moja kwa moja yanaula taratibu na baada ya miaka kitambaa kinakuwa kinavunjika. Hii ni sawa na kwa wale wanaopenda kuchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mutuba, inapendeza sana kwa macho ila bila gundi rangi ya mafuta itainywa na kuiharibu.

Wengine wanapaka emalshoni nyeupe ya nyumba badala ya jeso. Kwa mazoezi kwenye haadibodi poa, lakini nyingi zinanyonya mafuta sana na rangi inabaki imefifia kwa mabaka mabaka, kwahiyo picha unayotaka kuuza usifanye hivyo.

Ikishakauka funika weupe wote kwa banti amba iliyopunguzwa na tapentaini, futa kwa fulana ya zamani mpaka ibaki rangi kama ya chai ya maziwa. Juu ya uso mweupe kila rangi ya kwanza inaonekana giza, unaogopa, unaweka nyeupe nyingi, picha nzima inatoka imepauka.

Hatua ya 4: michoro midogo ya toni

Hapa ndio watu wanaruka na hapa ndio picha inapofia. Chukua penseli au mkaa, chora visanduku vidogo vya saizi ya kiganja, kama sita hivi, kila kimoja chumba kile kile toka sehemu tofauti. Toni ni kiasi cha giza au mwanga wa kitu, tumia tatu tu, giza, katikati, mwanga. Usichore kiti, chora umbo la giza ambalo kiti na kivuli chake na chini ya meza vimeungana. Kodoa? Hapana, finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, kinachobaki ndio mchoro wako.

Kata dirisha dogo kwenye kadibodi la uwiano wa 4 kwa 5, angalia chumba kupitia humo, songa mbele rudi nyuma. Mara nyingi utagundua picha nzuri iko kwenye robo ya chumba, mlango uliofunguliwa nusu na kipande cha pazia linalotenganisha kitanda, kuliko sebule nzima na kabati la vyombo na kalenda tatu. Mchoraji wa Denmark anaitwa Vilhelm Hammershøi (1864–1916) alichora nyumba yake mwenyewe Copenhagen miaka na miaka, milango, kuta za kijivu, meza moja, mara nyingine mtu mmoja amegeuza mgongo, na picha zake zinakukamata vibaya. Vitu vichache. Toa vyombo, toa kalenda, hakuna polisi wa uchoraji.

Simu unaweza kuitumia ila uijue tabia yake. Lenzi pana inavuta kona na kufanya chumba kionekane uwanja, usiitumie. Pia kamera haiwezi kushika dirisha na kona ya giza kwa pamoja, kwahiyo piga mbili, moja umegusa dirisha kwenye skrini na nyingine umegusa kivuli, utasaidiwa na zote. Na ukiigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe utaona toni haraka. Lakini rangi zifuate macho, simu inadanganya rangi.

Hatua ya 5: mistari na uzi

Amua umekaa wapi na usihame. Ukisimama macho yako yako kama mita moja na nusu na kitu toka chini, ukikaa kwenye stuli inashuka mpaka mita 1.2 hivi, ukikaa kwenye mkeka chini zaidi. Kila kimo kinatoa chumba kingine. Ukiwa mkekani meza inakuwa kubwa, miguu ya viti inasimama kama nguzo, dari linaonekana, na kwa nyumba zetu ambapo nusu ya maisha yanapita chini mkekani hicho ni kimo cha kweli kabisa, sijui kwanini hakichorwi zaidi.

Chora mstari wa kulala kwenye kanvasi mahali kimo cha macho yako kilipo. Kama unaangalia ukuta wa nyuma uso kwa uso, mistari yote inayotoka kwako kwenda mbele (kingo za sakafu, juu ya dirisha la pembeni, kingo za mkeka ulionyooka) inakutana kwenye nukta moja iliyo kwenye mstari huo huo. Iliyo juu ya macho yako inashuka kuelekea nukta, iliyo chini inapanda.

Sasa badala ya kuhangaika na rula, choma pini kwenye hiyo nukta, funga uzi, paka uzi chaki au mkaa, uvute mpaka pembeni ya picha, ubane, alafu uunyanyue katikati na kuuachia. Paa! mstari umejichora. Mafundi wa ujenzi wanafanya hivyo hivyo kila siku. Johannes Vermeer wa Delft (1632–1675), mchoraji wa Uholanzi aliyesifika kwa kuchora vyumba, tundu la pini limekutwa kwenye picha zake kadhaa pale pale mistari inapokutana. Kwahiyo usiogope kuitwa mdanganyifu.

Nondo za madirisha ziwekee alama tu sasa hivi, mbili tatu. Ukizichora zote leo kesho utazifunika na kuzichora upya.

Hatua ya 6: picha yote kwa kahawia kwanza

Banti amba peke yake na tapentaini, bila nyeupe. Paka sehemu za giza, zenye mwanga futa kwa kitambaa mpaka rangi ya chini ionekane. Siku moja inatosha. Usipite hapa mpaka ukisimama mita 3 nyuma chumba kinaonekana kina kina, kona iko ndani na mlango uko mbele.

Banti amba ina manganizi ndani yake na ndio maana inakauka upesi, siku moja au mbili ushaweza kuigusa, msimu wa mvua ongeza. Titaniamu waiti na altramarini ndio zinachelewa. Na rangi ya mafuta haikauki kwa kukaushwa maji kama nguo, inashika hewa na kugeuka ngumu, kwahiyo kuianika juani kunaleta nyufa na vumbi tu.

Kanuni ya tabaka: la chini liwe na tapentaini nyingi, kila unapopanda ongeza mafuta kidogo. Ukigeuza, juu linakauka kabla ya chini, chini likiendelea kujivuta juu linapasuka.

Hatua ya 7: rangi, na hapa tulia

Nyeupe ya tyubu haiwezi kushindana na dirisha la kweli la saa sita mchana. Haiwezi. Kwahiyo njia ni moja, shusha kila kitu kingine. Weka nyeupe karibu safi kwenye dirisha sehemu ndogo tu, alafu ukuta wako uliopakwa "nyeupe" uchanganye na yelo oka, altramarini na amba kidogo, uwe mzito kuliko moyo wako unavyotaka. Ukuta mweupe kwenye kona ya giza una toni nzito kuliko sakafu nyekundu iliyopigwa na jua mlangoni. Huamini? Toboa tundu dogo kwenye kadi ya kijivu, angalia ukuta kupitia tundu, alafu angalia sakafu. Akili inajua ukuta ni mweupe, tundu halijui.

Sasa utamu wenyewe. Nje ya mlango wako kuna udongo mwekundu wa murami na jua limeupiga, ule wekundu unarushwa juu unaingia ndani na kukaa kwenye dari, sio sakafuni, kwa sababu unatoka chini. Ndio maana dari karibu na mlango lina joto joto la chungwa na kona ya mbali ni ya kijivu cha bluu. Kama nje kuna migomba badala ya murami, utaona kijani chepesi kwenye mbao za dirisha. Sakafu ya simenti iliyopigwa polishi nyekundu nayo inapaka wekundu chini ya kiti, chini ya meza, na sentimita chache za chini ya ukuta. Hayo mambo ukiyaweka, tena kwa upole, mtu wa hapa akiona picha atajua ni kwetu hata kama hukuandika popote. Ukiyaacha utapata chumba cha kijivu cha kule kwa Hammershøi chenye jerikeni ndani.

Anza na giza kubwa, kisha toni za kati, mwanga mwisho. Paka chumba chote siku ile ile hata kama kwa haraka, usimalize kiti kimoja huku ukuta bado ni kahawia, kwa sababu rangi ya kiti inategemea rangi ya ukuta ulio nyuma yake.

Vitu vichache vinavyosumbua:

Jerikeni ya njano. Plastiki inapitisha mwanga, kwahiyo upande wa kivuli hauwi wa kahawia, unakuwa chungwa linalong'aa, na maji yanapoishia ndani kuna mstari.

Vitambaa vya kufuma juu ya makochi. Jamani msihesabu matundu. Paka umbo lote kwa rangi ya kati, weka matundu machache pale mwanga unapogeuka, macho ya mtazamaji yatafuma mengine yenyewe.

Chandarua kilichofungwa fundo juu ya kitanda. Subiri ukuta wa nyuma ukauke kabisa, alafu brashi kavu yenye nyeupe-kijivu kidogo sana, ikipita juu juu. Pale neti imekunjamana ongeza, pale ni tabaka moja acha ukuta uonekane.

Flaski na sufuria. Chuma kinachong'aa hakina rangi yake, kina dirisha dogo, mlango mdogo na wewe mwenyewe umekaa. Chora hivyo vidogo na sufuria itajitokeza.

Hatua ya 8: kingo

Picha ya mwanzo inajulikana kwa kingo zake, kila kitu kimekatwa kwa wembe. Kwenye kona ya giza acha kabati liyeyuke ukutani, pitisha brashi kavu kwenye mpaka wao rangi ikiwa bado mbichi. Kingo kali weka karibu na dirisha na sehemu moja unayotaka mtu aangalie. Nondo za dirisha pia, jua linazila pembeni, zinaonekana nyembamba na laini katikati ya mwanga na nene zinapokutana na ukuta. Kwa hiyo usizipige rula.

Kama unaweza, nenda Nommo Gallery pale Nakasero, Kampala, au nyumba ya sanaa ya Makerere, simama pembeni ya picha ya mafuta uiangalie kwa ubavu. Utaona rangi kwenye vivuli ni nyembamba na kwenye mwanga ni nene. Kwenye simu hilo halionekani kabisa.

Hatua ya 9: kusafisha na kuhifadhi

Brashi zifute kwanza kwa kitambaa, kisha mafuta ya kupikia (hapa ndio kazi yake), alafu sabuni ya mche na maji mpaka povu litoke jeupe. Tapentaini chafu iache kwenye kopo lililofungwa, uchafu utatulia chini, ya juu imiminie kopo jingine utumie tena, usiimwage mtaroni.

Matambara yenye mafuta ya linsidi ni hatari, naomba usome hii mara mbili. Ukiyakunja na kuyatupa kona pamoja yanapata joto yenyewe na yanaweza kushika moto bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatumbukize kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Picha ikishamalizika iache chumba chenye hewa, uso umegeukia ukuta kwa ajili ya vumbi lakini kuna nafasi, isigusane na ukuta wenye unyevu. Vanishi ngoja miezi 6 mpaka mwaka, kutegemea umepaka nene kiasi gani. Mnunuzi akiwa na haraka mpe, mwambie arudi nayo mwakani umpakie vanishi bure, atarudi, na safari hiyo hakikisha ya pili imeshatundikwa ukutani.